Meza ya Gundi

Binti alipoinama kumwekea mama yake kikombe cha chai kando ya kitanda, nywele zake zilipita karibu na uso wa mama, na mama akajua. Hakuhitaji kuambiwa na mtu. Ile harufu tamu inayochoma puani kwanza kabla ya kushuka kooni, hakuna aliyeifahamu kuliko yeye.

"Umetoka wapi?"

"Kazini, mama. Kwani vipi?"

"Kazi gani? Si ulisema unapanga viatu kwenye maboksi?"

Binti akajitia kukoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha yeyuka. "Nilikuwa napanga maboksi. Mjomba amenihamisha wiki hii."

"Amekuhamishia wapi?"

"Kwenye meza yako."

Mama alikuwa na mengi ya kusema na pumzi haba ya kuyasemea. Alijiinua akakaa, chumba kikamzunguka, akashika ukingo wa kitanda mpaka kikatulia. Kaka yake! Kaka yake wa tumbo moja, aliyekaa hapo hapo kitandani siku ile aliporudishwa kutoka hospitali, akamwambia asiwe na wasiwasi wowote, binti yuko mikononi mwake. Kumbe mikono yenyewe ndiyo hiyo.

Karakanani mama huyu walimwita Pua. Karakana ya viatu ilikuwa ya kaka yake, chumba kirefu nyuma ya duka la mabati, cherehani zimepangwa upande mmoja, meza ya kukatia ngozi katikati, na huko mwisho, chini ya dirisha, meza ya gundi. Dirisha lilikuwa limepigwa misumari. Mgeni wa kazi akiuliza kwa nini, alitazamwa kama mtu aliyeuliza kwa nini sufuria ina kitako. Gundi ikishapakwa kwenye soli huachwa kidogo ikauke juujuu, na hapo vumbi la barabarani likipata upenyo linatua, na kiatu kilichokula vumbi hufunua mdomo kabla mteja hajafika kwake. Basi dirisha likafungwa, na waliokaa chini yake wakafungwa nalo.

Kila asubuhi kulikuwa na utaratibu. Kaka mtu hakumruhusu yeyote kufungua kopo jipya la gundi, kwa sababu wauzaji ni wajanja na wafanyakazi nao hakuwaamini sana. Alilifungua mwenyewe kwa bisibisi, mbele ya wote, kisha akalisukuma kwa dada yake. Dada aliinamisha uso juu ya kopo, akavuta pumzi hadi mwisho, karakana nzima ikimngoja. Ikimchoma sawasawa, aliitikia kwa kichwa na kazi ikaanza. Akikunja uso, ujue gundi imechakachuliwa, na muuzaji alirudishiwa kopo lake pamoja na maneno ambayo hayaandikiki hapa. Hakuwahi kukosea hata siku moja. Mafundi wote waliamini hivyo, kwamba gundi isiyokutoa machozi haishiki, na mwenye pua kali kuliko wote ndiye aliyestahili kukaa karibu nayo kuliko wote. Jioni walinawa mikono kwa kile kimiminika cha kulainishia gundi, maana sabuni haikufua dafu, wakaenda nyumbani vichwa vikiwagonga. Kichwa kikigonga, walisema gundi ya leo ilikuwa nzuri.

Na yeye alivimba kichwa kwa jina hilo, asingekataa. Mumewe alifariki binti akiwa bado anatambaa, na meza ile ndiyo iliyomlea mtoto. Viatu vya shule vya nusu ya mtaa vilipita mikononi mwake. Alikuwa akitembea barabarani huku macho yake yako chini, anatazama miguu ya watu, na akiona soli yake imeshika vizuri kwenye mguu wa mtu asiyemjua, alifurahi kimoyomoyo siku nzima.

Halafu uchovu ukaanza. Mwanzoni alisema ni umri. Zikaja alama nyeusi miguuni, kama mtu aliyejigonga na hakumbuki wapi. Fizi zikawa zinatoa damu akipiga mswaki, homa ikawa inapanda na kushuka isivyoeleweka, na kila zahanati aliyokwenda ilimpa vidonge vya kitu tofauti. Walimtibu typhoid ambayo hakuwa nayo. Walimtibu vidonda vya tumbo, wakamkataza pilipili. Mwaka ulikaribia kuisha ndipo mtu mmoja alipopata akili ya kumpima damu kikamilifu, na matokeo yakarudi na gari la kumpeleka hospitali kubwa. Saratani ya damu.

Daktari wa wodi ile, mwanamke mwembamba aliyekuwa akiandika huku amesimama, ndiye wa kwanza kumuuliza swali ambalo hakuna zahanati iliyolifikiria.

"Mama, unafanya kazi gani?"

Alipojibu, daktari aliacha kuandika. Akavuta kiti.

"Gundi yenu ina kitu kinaitwa benzini," alisema. "Si ajabu ndicho kinachonukia na kukauka haraka. Ukiivuta, inaingia kwenye damu. Ini linajaribu kuivunjavunja ili itoke na mkojo, na hapo ndipo tatizo linapoanza, kwa sababu vile vipande vyake ni vikali kuliko yenyewe. Vingine vinafika kwenye uboho, mle ndani ya mifupa, damu inakotengenezwa. Vinakwenda kuharibu vinasaba."

"Vinasaba ndiyo nini?"

"Ile DNA unayoisikia redioni. Maelekezo. Kila chembe ya mwili ina maelekezo yake: uwe nini, ugawanyike lini, usimame lini. Chembe ikitaka kugawanyika kuwa mbili, lazima kwanza iyanakili yote, neno kwa neno."

Pua akafikiria vigezo vya karakana, yale maumbo ya kadibodi wanayoyaweka juu ya ngozi na kukata kwa kufuata ukingo. Kigezo kikichakaa, kipya kinachorwa kutoka kwa cha zamani. Kuna mwaka kisu cha mtu kilimteleza, kigezo kikaliwa ukingoni kidogo tu, hakuna aliyeona. Wakakichora kingine kutoka kwa hicho, na kingine tena, mpaka wateja walipoanza kurudisha viatu vinavyoegemea upande mmoja, na kaka yake akamfokea mkataji ambaye kosa lake lilikuwa kufuata alichopewa. Alimsimulia daktari hayo.

"Ndivyo hivyo," daktari alisema. "Ila mwili una mafundi wa kukarabati. Wanakagua maelekezo, wakiona palipovunjika wanaunga. Ni hodari kweli. Lakini ukiwaletea uharibifu kila siku, miaka na miaka, ipo siku wataunga vibaya, na kosa likishanakiliwa, mwili hauoni tena kama ni kosa. Mara nyingi moja halitoshi. Yanalimbikizana. Likija kuangukia pale panaposema simama, chembe haisimami, inazaana tu, mpaka damu nzuri inakosa nafasi."

"Na kaka yangu? Tumekaa chumba kimoja miaka yote."

"Labda mwili wake unaivunja tofauti na wako. Labda mafundi wake wamebahatika. Labda bado zamu yake haijafika. Mama, wako watu wanavuka barabara kila siku bila kutazama, na wanafika ng'ambo. Hiyo haimaanishi magari hayagongi."

Akamwambia kwamba dawa zitajaribu kuituliza saratani, na zikiituliza, asikanyage tena kwenye meza ile ya gundi. Pua alilala akiyarudia maneno yale ya barabara, akijua ndiyo atakayokwenda nayo kwa kaka yake. Kwa mara ya kwanza tangu augue alijisikia ana kitu cha kushika. Alidhani jambo likielezwa vizuri namna ile, mtu mwenye akili timamu atalielewa.

Masikini Pua! Miezi ile ya dawa ilimnyonyoa nywele na kumwachia mifupa, lakini haikumchosha kama wiki za kwanza za kurudi nyumbani na kueleza. Jirani wa ukuta mmoja alimsikiliza hadi mwisho, akaguna, akasema ni mawazo ya marehemu mumewe. Wifi yake, mke wa kaka, alisema ni maji ya friji, kila siku alikuwa anamkanya kuhusu maji ya friji. Mwingine alimtazama kwa huruma, akauliza kwa sauti ya chini kama hana mtu aliyegombana naye. Kila mtu alikuwa na sababu yake mfukoni. Gundi hakuitaja hata mmoja, maana hiyo ndiyo iliyokuwa inawavisha na kuwalisha, na nani anataka kuishuku sufuria anayolia chakula? Alikuwa anampigia mbuzi gitaa, tena mbuzi wenyewe wengi.

Kaka yake ndiye aliyemkausha koo kabisa. Si kwamba hakumpenda. Lifti ya hospitali ilipoharibika alimbeba mgongoni kutoka ghorofa ya juu mpaka chini, mtu mzima mwenye kitambi, akipumzika kila ngazi zilipokunja kona. Wauguzi walimkuta akilia kwenye korido. Lakini gusa gundi, uone.

"Mimi nilianza kuivuta wewe bado unanyonya," alisema, akijipiga kifua. "Nina nini? Nikohoe uone?"

"Kaka, wako watu wanavuka barabara bila kutazama..."

"Nani amezungumzia barabara hapa?"

"Ni mfano!"

"Mfano wa nini? Sisi tuko ndani, tumefunga mlango."

Alipomwambia kuna gundi nyingine ya maji, isiyo na benzini, alicheka hadi akashika mbavu. Aliijua. Muuzaji aliwahi kumletea. Ile ni uji, alisema, inataka kulala hadi kesho ndiyo ikauke, mteja atakuwa amekwishanunua viatu kwa mwingine. Alipomwambia angalau ang'oe misumari dirishani, alitazama saa. Baadaye akawa anakuja na matunda, anakaa kidogo, na Pua akifungua mdomo tu anasimama, ana mzigo wa kupokea. Mtu mgonjwa hana hata nguvu za kumkimbilia mtu mlangoni. Usiku mwingine Pua aliuma shuka kwa hasira, si kwa maumivu.

Na sasa binti.

"Kesho huendi," alimwambia, chai ikipoa.

"Mama, jamani."

"Nimesema huendi."

"Nitavaa barakoa."

"Barakoa ya kitambaa? Hiyo inazuia vumbi. Mvuke unapita kama haupo."

Binti alikaa ukingoni mwa kitanda. Alikuwa msichana mkubwa, mwenye vidole virefu vya mama yake, na uso uliokuwa unajizuia kufurahi mbele ya mgonjwa. "Mjomba hakunilazimisha. Alileta kopo, akasema hebu nusa. Nikanusa, nikasema hii imeongezwa kitu. Kweli, alipomfuata muuzaji, yule akakiri mwenyewe! Wote walinipigia makofi. Wananiita Pua Mdogo." Akatabasamu. "Nilidhani utafurahi."

Pua angemwambia nini? Kwamba jina hilo ndilo lililokaribia kumuua? Alikwisha kulisema kwa namna zote, kwa vinasaba, kwa vigezo, kwa barabara, na kila neno lilimtoka kinywani likaanguka sakafuni. Mtoto alikuwa ameketi mbele yake, mashavu yamejaa, damu yake nzuri inazunguka, na huwezi kumwonyesha mtu wa namna hiyo ajali itakayomkuta miaka mingi baadaye. Hata yeye, wakati ule, nani angemwonyesha? Akamwambia aende akalale.

Asubuhi, binti alipoingia kuoga, Pua alijifunga kanga kichwani kuficha upara, akachukua mpini wa ufagio kwa kuwa hakuwa na mkongojo, akatoka.

Safari ambayo zamani ilikuwa ya kuitikia salamu chache tu ilimtoa jasho la kifo. Alisimama kwenye kila ukuta. Alipofika, kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa meza ya kaka yake, ile ya kuchorea vigezo, pamoja na kiti chake chenye mto. Vilikuwa nje, kibarazani. Zamani vilikuwa ndani, hatua chache kutoka kwenye gundi. Kaka hakuwapo hapo, alisikika huko nyuma akibishana na dereva wa mzigo. Pua akapita, akaingia ndani, akaenda hadi mwisho, akakaa kwenye kigoda chake.

"Haa! Pua!" Fundi wa visigino, ambaye wote walimwita Nyundo, aliinua kifaa chake juu kama anapokea mgeni wa serikali. "Leo soli zitashika zenyewe bila kupigwa!"

Wanawake wa cherehani walisimama, wakamzunguka, pole nyingi, umepungua jamani, umshukuru Mungu. Alizipokea zote. Hakuinuka.

Kaka yake aliingia na kopo jipya mkononi, akaganda.

"Wewe! Unafanya nini hapa? Si umekatazwa?"

"Nimekatazwa nini?"

"Kukaa hapa. Daktari alikukataza siku ya kutoka, mimi mwenyewe nilikuwepo."

"Daktari mwongo. Si ulisema? Ni maji ya friji. Nimeacha kuyanywa, nimepona. Nipe kopo nianze kazi."

Nyundo akacheka peke yake, akaona hakuna anayecheka naye, akanyamaza.

"Dada, acha mchezo. Binti yuko wapi?"

"Binti haji. Nikiwa kwenye kigoda hiki mimi, hawezi kukikalia yeye. Lete kopo, kaka. Fungua. Si unafungua mwenyewe kila siku?"

Alilileta. Labda alitaka kumkomoa mbele ya watu, ili aone aibu na kuondoka. Aliliweka mezani kwa kishindo, akatoa bisibisi mfuko wa nyuma, akaipachika chini ya mfuniko. Pua akainamisha uso juu ya kopo kama siku zote, mikono yake miembamba pande mbili za bati, akangoja.

Mfuniko haukufunguka. Alisubiri. Alipoinua macho, aliona mkono wa kaka yake unatetemeka.

"Fungua."

"Nenda nyumbani."

"Haina neno, si ndiyo? Umeivuta tangu nanyonya. Fungua."

"Siwezi."

"Kwa nini huwezi?"

"Nitakuua!" Lilimtoka kwa sauti kubwa, na cherehani ya mwisho iliyokuwa bado inazunguka ikasimama.

Pua hakufurahi. Alikuwa ameota mara ngapi siku ambayo mtu huyu atakubali, na sasa amekubali, na alichohisi ni hasira ambayo hakujua kama mwili wake bado una nafasi ya kuiweka. Alijua! Meza yake ameihamishia nje. Alikuwa anajua wakati anajipiga kifua, anajua wakati anacheka na uji wake, anajua wakati anakuja na matunda.

"Tangu lini umejua?"

Kaka aliichomoa bisibisi chini ya mfuniko.

"Jana asubuhi kopo alilifungua nani?" Pua aliuliza. "Mbona mkono haukutetemeka?"

Binti alikuwa mlangoni. Alikuwa amekimbia, nywele bado zinadondosha maji, na jinsi alivyosimama ilionyesha alikuwa amefika mapema vya kutosha kusikia yote.

"Mjomba?" alisema.

Mjomba aliitazama bisibisi. Halafu akasema kwa sauti ya kubembeleza, kama anaeleza jambo dogo la kazi, "Wewe bado mzima, mwanangu. Ni kijana. Haikuwa ya kudumu, nilikuwa natafuta mtu."

Binti alipita mbele yake bila kumgusa, akamwinua mama yake, akamwegemeza begani, na wakatoka pamoja polepole, wakipita cherehani ambazo washonaji wake walikuwa wanatazama vidole vyao. Walipita kibarazani, kwenye kiti chenye mto, wakateremka barabarani. Mama alikuwa analia bila sauti. Binti alimfuta kwa ncha ya kanga, akamwambia yamekwisha, mama, siendi tena, nakuapia siendi.

Kutoka ndani walimsikia kaka akikohoa kusafisha koo.

"Haya, haya, kazi," alisema. "Nani atakaa hapa leo? Ni leo tu."

Pua, aliyekuwa ameanza kupumua vizuri, alisikia kigoda kinaburuzwa kwenye sakafu na mtu akikaa, na bati la mfuniko likipiga sakafu.

"Twende, mama," binti alisema, akimvuta.

Lakini mama alikwisha jitoa mkononi mwake, na alikuwa anarudi.